Mali Iliyoibwa Lazima Ielezwe Wazi

Wizi ni adui wa maendeleo yetu. Mkulima analima mwaka mzima, mwizi anachukua gunia usiku mmoja. Mfugaji analea mtamba miaka mitatu, asubuhi anakuta zizi limevunjwa. Ndiyo maana tukimkamata mtu tuliyemshuku, tunataka ahukumiwe upesi.

Lakini mara nyingi tunasikia malalamiko vijijini. Mtu alikamatwa, akapelekwa mahakamani, kisha akaachiwa. Watu wanauliza, "Kwa nini ameachiwa? Si alikutwa na ng'ombe?" Wengine husema mara moja kwamba hakimu kala rushwa. Rushwa ipo, na lazima tuipige vita. Lakini si kila anayeachiwa ameachiwa kwa rushwa. Mara nyingine kesi imeanguka kwa sababu mali iliyoibwa haikuelezwa vizuri. Ilisemwa "ng'ombe", lakini haikujulikana ni ng'ombe gani.

Yapo pia malalamiko ya upande wa pili. Mtu asiye na hatia ameshtakiwa kwa kuiba "vitu mbalimbali". Vitu gani? Hajui. Atajiteteaje mtu asiyejua anaambiwa ameiba nini?

Basi leo tutaeleza jambo hilo. Sheria inataka mali iliyoibwa ielezwe namna gani? Kwa nini inataka hivyo? Na sisi wanakijiji tuna kazi gani katika jambo hilo? Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za mashtaka.

HATI YA MASHTAKA NI NINI?

Mtu akipelekwa mahakamani kwa kosa la jinai, huandikwa karatasi inayoitwa hati ya mashtaka. Jinai ni makosa kama wizi, kupiga watu, kuchoma nyumba na kuua.

Hati ya mashtaka ina sehemu mbili kubwa. Sehemu ya kwanza inataja kosa na sheria iliyovunjwa. Kwa mfano: "Wizi, kinyume cha Kanuni ya Adhabu." Sehemu ya pili inaitwa maelezo ya kosa. Hapo huandikwa nani alifanya, lini, wapi, alifanya nini, na alichukua mali gani.

Katika Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, hati hiyo huletwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Katika Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji anaweza kueleza malalamiko yake kwa mdomo, nayo yakaandikwa. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za kuendesha kesi. Lakini huko nako shtaka lazima liandikwe, na mshtakiwa lazima asomewe na aelewe.

Habari njema ni kwamba siku hizi lugha ni yetu. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miaka mingi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote, ingawa katika mambo fulani Kiingereza kinaweza kutumika. Kwa hiyo mtu aliyehitimu kisomo anaweza kuishika hati ya mashtaka, akaisoma mwenyewe neno kwa neno. Hiyo ni faida kubwa ya kujua kusoma.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985. Sheria hiyo inataka kila hati ya mashtaka itaje kosa, na itoe maelezo ya kutosha ili mshtakiwa ajue anashtakiwa kwa jambo gani. Kuhusu mali, inataka ielezwe kwa uwazi wa kutosha, ili ijulikane ni mali gani inayozungumzwa.

Hebu tuyashike maneno hayo: uwazi wa kutosha. Sheria haikusema kila kitu kielezwe mpaka mwisho. Haikusema pia kwamba neno moja linatosha. Imeweka kipimo cha katikati. Mtu mwenye akili ya kawaida akiisoma hati, aweze kusema, "Ndiyo, naelewa ni kitu gani kinachosemwa."

MFANO WA HATI MBILI

Tuchukue mfano. Tuseme hati moja imeandikwa hivi:

"Mshtakiwa, katika mwezi wa Juni, aliiba mfugo wa mwanakijiji."

Hati ya pili imeandikwa hivi:

"Mshtakiwa, usiku wa tarehe 3 Juni, aliiba maksai mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, pembe ya kushoto imevunjika ncha, ana chapa ya moto kwenye paja la kulia, mali ya mlalamikaji, kutoka katika zizi lake."

Sasa tulinganishe. Katika hati ya kwanza, mfugo ni nini? Ni ng'ombe, mbuzi au kuku? Ni mmoja au ni kumi? Uliibwa siku gani? Mwanakijiji ni yupi? Mshtakiwa akitaka kuleta shahidi wa kusema, "Siku hiyo alikuwa kwangu kwenye msiba," ataleta shahidi wa siku gani? Akitaka kusema, "Huyo ng'ombe nilimnunua mnadani," atamsema ng'ombe gani?

Katika hati ya pili kila mtu anajua. Mshtakiwa anajua. Hakimu anajua. Mashahidi wanajua. Maksai huyo akiletwa mbele ya mahakama, kila mtu anaweza kuangalia pembe na paja, akaamua kama ndiye au siye.

KWA NINI SHERIA INATAKA UWAZI?

Zipo sababu nne kubwa.

Sababu ya kwanza ni haki ya mshtakiwa kujitetea. Mtu akishtakiwa hajawa mwizi bado. Ni mtu anayesemwa kuwa ameiba. Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka. Nao lazima wathibitishe bila kuacha shaka ya maana. Lakini mshtakiwa ana haki ya kujibu, na huwezi kujibu neno usilolijua.

Sababu ya pili ni jibu la mshtakiwa siku ya kwanza. Akisomewa shtaka huulizwa kama ni kweli au si kweli. Tuseme anajibu, "Ni kweli nilichukua." Alichukua nini? Labda anafikiri juu ya jembe aliloazima kwa jirani, kumbe shtaka ni la baiskeli. Hati isipokuwa wazi, mtu anaweza kukiri jambo ambalo hakulifanya, akaingia gerezani.

Sababu ya tatu ni adhabu. Mali ikiwa ya aina nyingine, hata kosa linaweza kuwa jingine. Chini ya Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Lakini wizi wa mifugo iliyotajwa katika sheria, kama ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na ngamia, adhabu yake inaweza kufika miaka 15. Kuku hakutajwa katika orodha hiyo. Kwa hiyo kuandika "mfugo" tu hakutoshi. Neno moja linaweza kuwa na uzito wa miaka 8 ya maisha ya mtu.

Sababu ya nne ni kumaliza jambo. Kesi ikiisha, mtu hapaswi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile ambalo ameshahukumiwa au kuachiwa huru. Lakini kama hati ya kwanza ilisema "mfugo" tu, kesho atakuja mtu mwingine na kusema, "Huyu aliiba ng'ombe." Nani atajua kama ni yule yule? Tena mahakama ikiamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, lazima ijulikane ni mali ipi. Kwa hiyo uwazi unamlinda mshtakiwa, na pia unamlinda mwenye mali.

UWAZI HAUNA MAANA YA KUANDIKA KILA KITU

Wapo watakaouliza, "Je, mwizi ataachiwa kwa sababu tulisahau kutaja ukwato mmoja?" Hapana. Sheria si mtego wa kuwanasa wenye mali.

Zamani huko Uingereza mambo yalikuwa hivyo. Hati za mashtaka ziliandikwa kwa maneno mengi mno na magumu. Kosa dogo la kuandika liliweza kuiangusha kesi nzima. Hata fedha zilipoibwa, ilibidi ielezwe ni sarafu za aina gani. Mtu akishtakiwa kwa sarafu za aina moja, na ushahidi ukaonyesha za aina nyingine, aliweza kuponea hapo. Waingereza waliona jambo hilo halifai. Mwaka 1851 walitunga sheria iliyosema kwamba fedha zielezwe tu kuwa ni fedha. Mwaka 1915 wakatunga sheria nyingine iliyorahisisha hati za mashtaka kwa jumla. Kanuni zilizomo katika sheria yetu zinafanana sana na hizo. Kenya nayo ina kanuni za namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo katika sheria yetu kuna mambo yaliyorahisishwa. Hebu tuyaone.

Kwanza, fedha. Sarafu na noti zinaweza kuelezwa kuwa ni fedha tu. Kama duka la ushirika limeibiwa shilingi 300,000, si lazima hati iseme noti ngapi za 10,000 na ngapi za 5,000. Inatosha kusema fedha taslimu shilingi 300,000.

Pili, jina la mwenye mali na thamani yake. Kama mali imeelezwa wazi, sheria hailazimishi kutaja jina la mwenyewe wala bei. Inalazimisha tu pale ambapo kosa lenyewe linategemea mali hiyo ni ya nani au ni ya thamani gani. Hata hivyo, ni desturi kuyaandika yote mawili, na ni vizuri. Yanasaidia mali ijulikane.

Tatu, mali ya watu wengi. Wanakikundi 25 wakiibiwa mashine yao ya kusaga, si lazima hati itaje majina yote 25. Inatosha kutaja jina la mmoja, kisha kuandika "na wengine".

Nne, makosa madogo. Kosa dogo katika hati haliiangushi kesi kama halikumdhulumu mshtakiwa. Mahakama ya rufani hujiuliza: Je, kwa kosa hili mshtakiwa alishindwa kuelewa shtaka? Je, alinyimwa nafasi ya kujitetea? Kama jibu ni hapana, hukumu inaweza kubaki.

HATI NA USHAHIDI LAZIMA VIFANANE

Hati nzuri peke yake haitoshi. Yale yaliyoandikwa lazima yafanane na yale mashahidi watakayosema.

Tuseme hati imesema maksai mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Mwenye mali anasimama mahakamani na kusema, "Ng'ombe wangu aliyeibwa ni mtamba mweusi." Hapo kuna nini? Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa maksai, wakati shahidi anazungumza habari ya mtamba. Mmoja amekosea, lakini ni nani?

Sheria imetoa njia. Kama hati ina kasoro, au ikionekana kuwa ushahidi unakwenda njia nyingine, hati inaweza kurekebishwa wakati kesi inaendelea. Ikisharekebishwa, mshtakiwa lazima asomewe upya na aulizwe upya. Tena anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kusema waitwe tena, ili awaulize maswali. Hiyo ni haki.

Hati isiporekebishwa, hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeamua mara nyingi kwamba, kama hati inasema jambo moja na ushahidi unasema jingine katika jambo kubwa, basi shtaka halikuthibitishwa. Mshtakiwa huachiwa. Wanakijiji wanashangaa. Lakini sasa tunajua sababu.

Kwa upande wa hesabu, jambo ni jepesi zaidi. Hati ikisema mbuzi 5 waliibwa, na ushahidi ukathibitisha mbuzi 3 tu, kesi haifi kwa sababu hiyo peke yake. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa wale 3 waliothibitishwa.

MALI IKIKUTWA KWA MTU

Mara nyingi hakuna aliyemwona mwizi usiku. Kinachopatikana ni mali yenyewe, imekutwa nyumbani kwa mtu. Hapo mahakama inaweza kuona kwamba huyo aliyekutwa na mali iliyoibwa siku chache tu zilizopita ndiye mwizi, au aliipokea akijua ni ya wizi, isipokuwa kama atatoa maelezo yanayoingia akilini.

Lakini kanuni hiyo ni kali. Kwa hiyo Mahakama ya Rufani imeweka mambo manne ambayo lazima yathibitishwe:

1. Mali ilikutwa kwa mshtakiwa.
2. Mali hiyo imetambuliwa bila wasiwasi kuwa ni ya mlalamikaji.
3. Mali hiyo iliibwa karibuni.
4. Mali hiyo ndiyo ile ile iliyotajwa katika shtaka.

Tazameni jambo la pili na la nne. Yote mawili yanarudi kwenye maelezo ya mali. Kama hati imesema "redio" tu, na polisi wamekuta redio, tutajuaje kuwa ni ile? Redio za namna moja zimo katika nyumba nyingi. Jirani yako naye anaweza kuwa nayo, tena ameinunua kwa jasho lake.

Lipo neno lingine ambalo mahakama zetu husisitiza. Mwenye mali aeleze alama za mali yake kabla ya kuonyeshwa. Akishaonyeshwa kwanza, kisha aseme, "Ndiyo, ina mchubuko hapa," maneno yake hayana nguvu. Mtu yeyote anaweza kuona mchubuko akautaja. Lakini akisema kabla, "Ndani ya kifuniko cha betri nimeandika herufi mbili kwa msumari," kisha kifuniko kikafunguliwa na herufi zikaonekana, nani atabisha?

Kwa hiyo usiombe kuonyeshwa kwanza. Mazungumzo kituoni yawe namna hii:

"Mzee wangu, shikamoo. Umeibiwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa baiskeli."

"Baiskeli yako ina alama gani, mzee?"

"Ni nyeusi. Keria nimeichomelea kwa fundi, imeshonwa kwa waya upande wa kulia. Tandiko limepasuka, nimelifunga kwa mpira mwekundu. Na namba ya fremu nimeiandika hapa, kwenye daftari."

Mzee huyo amefanya kazi yake. Askari ataandika maneno hayo, mwendesha mashtaka atayatumia, na hakimu atayasikia yale yale. Lakini kama mzee angejibu, "Baiskeli tu, nikiiona nitaijua," kesi ingeanza kuyumba siku hiyo hiyo.

KAZI INAANZA NYUMBANI

Ndugu wasomaji, hati ya mashtaka haianzii mahakamani. Inaanzia kinywani mwa mwenye mali, siku ile anapokwenda kutoa habari. Mwendesha mashtaka hakuwahi kumwona ng'ombe wako. Anaandika yale uliyosema. Basi tujitayarishe kabla mwizi hajaja. Tumejifunza kuandika. Tutumie daftari.

Ng'ombe na mbuzi. Andika ni fahali, maksai, jike, mtamba au ndama. Andika rangi, mabaka, pembe, mkato wa sikio, na chapa ipo wapi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2010 ya kutambua na kusajili mifugo. Muulize afisa mifugo wa kata yako juu ya chapa na usajili. Ukinunua mnyama mnadani, tunza hati ya mauzo.

Baiskeli na pikipiki. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini karibu na pedeli. Igeuze, isome, iandike. Pikipiki ina namba ya usajili, namba ya injini na namba ya chasisi. Kibao cha namba ya usajili mwizi hukibandua upesi. Kwa hiyo andika zote tatu.

Simu. Kila simu ina namba yake ya pekee yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Bonyeza *#06# na namba hiyo itatokea. Iandike kwenye daftari, usiiandike ndani ya simu yenyewe. Simu ikienda, na namba itakuwa imekwenda nayo.

Redio, cherehani na mashine. Andika aina, rangi, na namba iliyobandikwa au kugongwa nyuma au chini yake. Weka alama yako ya siri. Tunza risiti.

Mahindi, mpunga na kahawa. Hii ni mali ngumu. Hindi moja linafanana na jingine. Hapa uwazi unatokana na mambo mengine: magunia mangapi, ya rangi gani, yameshonwa kwa uzi gani, yameandikwa nini kwa rangi, yalikuwa na kilo ngapi, na yalichukuliwa ghala gani. Mwanakijiji anayeshona magunia yake kwa uzi wa bluu na kuandika herufi zake kwa rangi, ana la kusema mahakamani. Asiye na alama yoyote atapata taabu.

Siku ya kutoa habari, sema kweli tupu. Usiongeze mali ambayo hukuibiwa. Usitaje alama ambayo huna hakika nayo. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Alama ya uongo inadhuru zaidi kuliko kukosa alama, kwa sababu upande wa utetezi utakuuliza, nawe utajikwaa.

Tena polisi wakipekua nyumba na kukamata mali, sheria inataka watoe stakabadhi ya vitu walivyochukua. Stakabadhi hiyo hutiwa saini na mwenye nyumba na mashahidi. Kama wewe ni mwenyekiti wa kitongoji na umeitwa kushuhudia, usitie saini kabla ya kusoma. Angalia kama imeandikwa "redio 1" au imeandikwa redio ya aina gani na namba gani. Wewe umejifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo.

KAMA UNAYESHTAKIWA NI WEWE

Tusifikiri kwamba mshtakiwa ni mtu mwingine siku zote. Jirani akikuchukia, au mtu akikufananisha, kesho unaweza kusimama kizimbani. Shika mambo haya:

1. Sikiliza shtaka mpaka mwisho. Kama hukuelewa, sema, "Mheshimiwa, sijaelewa ni mali gani ninayoambiwa nimeiba." Si utovu wa adabu. Ni haki yako.
2. Usiseme "ni kweli" kwa jambo usilolielewa.
3. Soma hati mwenyewe. Linganisha maelezo yake na mali iliyoletwa mahakamani. Shahidi akisema rangi nyingine au namba nyingine, muulize.
4. Kama mali iliyokamatwa ni yako, leta risiti, hati ya mauzo, au mtu aliyekuuzia.
5. Kama huna wakili, tafuta msaada wa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaosaidia wananchi bila malipo.

MWISHO

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ya kueleza rangi, namba na pembe ni kuwabembeleza wezi. Sisi hatukubali. Kijiji kinachomfunga mtu kwa "mfugo" tu hakijamkamata mwizi. Kimemkamata mtu. Huenda mwizi mwenyewe yuko nje anacheka, na kesho atarudi zizini. Lakini maksai akielezwa wazi, akatambuliwa wazi, na hati ikamtaja wazi, mwizi hana pa kukimbilia, na asiye na hatia hana cha kuogopa.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, chukua daftari na kalamu. Igeuze baiskeli. Zunguka zizini. Andika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Hati inasema, "Mshtakiwa aliiba vyombo vya nyumbani." Je, maelezo hayo yanatosha? Yaandikeni upya yawe wazi.
2. Kwa nini mwenye mali aeleze alama kabla ya kuonyeshwa mali?
3. Duka la kikundi limeibiwa fedha taslimu. Ni mambo gani ambayo si lazima yatajwe katika hati?
4. Katika kijiji chenu, ni mali gani huibwa zaidi? Kila mmoja ataje alama tatu za mali yake moja, kisha aziandike.
5. Je, mmewahi kusikia mtu akiachiwa, watu wakashangaa? Baada ya kusoma makala hii, mnadhani sababu ingeweza kuwa nini?